Majina Aliyonikabidhi Mpishi

Shule nzima ilimwita Mpishi, na mimi sikumwita vinginevyo kwa miaka yote niliyomjua, ingawa nyumba zetu katika Mji wa Kale wa Mombasa zilitengwa na vichochoro viwili tu. Hata mkewe, akiulizwa na majirani, alijibu, "Mpishi hajarudi." Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye miguu iliyopinda kidogo. Mkono wake wa kulia haukuwa na unywele hata mmoja tangu kiwikoni mpaka vidoleni. Ulilambwa na moto kila siku mpaka vinyweleo vikakata tamaa. Kazini alivaa kikoi na fulana. Akitoka alivaa kanzu, na juu ya kanzu koti la kijivu, hata Februari, jua linapochoma mpaka kunguru wakanyamaza.

Jiko lake lilikuwa banda la mabati nyuma ya madarasa ya kidato cha tatu, katika shule ya wasichana pale Ganjoni nilikokuwa nikifundisha. Alipikia watu mia tatu na ushei: sima na maharagwe, sima na mchicha, na Ijumaa wali wa nazi. Humo alikuwa na sheria zake. Kuni zipasuliwe nyembamba. Mtu asipige mluzi. Kila kipande cha kuni alikigonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anunuaye nazi sokoni. Kikiwa na uwazi ndani alikitupa nje. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Kuni yenye tundu hulia." Nilidhani ni ushirikina wa wapishi.

Alikuwa mkali kwa kila jambo isipokuwa chakula kilichobaki. Msichana akirudisha sahani imejaa nusu, hakusema neno. Lakini msichana akirudi kuomba aongezwe, hapo ndipo ulipomwona mtu mwingine. Alimpa, tena alimpa tele, ila alitazama kando akimpakulia, na upawa ukagongagonga sufuria. Wasichana walisema Mpishi ni mchoyo. Mimi pia nilisema hivyo, katika chumba cha walimu, nikacheka.

Na alikuwa mwongo. Lazima niliseme hilo, kwa maana watu wakishafariki tunawavika kanzu ambazo hawakuwa nazo. Muuguzi wa shule alimwambia ana miaka sitini, na mwaka uliofuata akamwambia sitini vilevile. Wachukuzi wa bandarini aliwaambia alikuwa baharia. Jirani yetu muuza kahawa aliambiwa kwamba Mpishi alifungwa jela miaka minne kwa kumpiga mzungu, na alimheshimu sana kwa hilo. Kumbe ile miaka minne kweli hakuwapo Mombasa. Ila alikokuwa hakumwambia mtu.

Nilijua kwa bahati. Nilikuwa mwalimu wa zamu, nikahitaji kuhesabu sahani, nikamwomba ufunguo wa ghala. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye kipande cha madini cha mviringo, cheusi kwa masizi. Nilikifuta kwa kidole nikaona kichwa cha mfalme wa Kiingereza.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Kibati."

"Kina kichwa cha mfalme."

"Basi ni kibati cha mfalme. Wataka sahani ama wataka kibati?"

Alasiri ile tulitoka shuleni pamoja, kama tulivyofanya mara nyingi, yeye upande wa barabarani na mimi upande wa ukutani. Tulipofika Makadara, bila kuulizwa, alisema, "Nalikwenda Burma." Halafu akaniuliza hali ya mama yangu, kana kwamba hakusema kitu, nami nikaelewa kibati kile kilikuwa nishani ya vita.

Wakati huo nilikuwa nimefundisha historia miaka mitatu. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa na sura moja katika kitabu chetu, na askari wa Kiafrika walikuwa na aya moja katika sura hiyo, mistari sita. Niliifundisha aya ile dirisha likiwa wazi na moshi wa jiko lake ukiingia darasani. Wasichana walikohoa, nami nikawaambia waandike: waliporudi hawakutazamwa.

Aliyonieleza alinieleza njiani, vipande vipande, kwa miezi. Hakuwahi kukaa kitako akasimulia. Aliniambia kuhusu matope yaliyomeza nyumbu mzima wa kubeba mizigo akabaki masikio. Aliniambia mvua ya kule si mvua, ni ukuta. Aliniambia walikatazwa moshi, kwani moshi humwonyesha adui mlipo, hivyo walipika kwa mianzi mikavu. Na mwanzi usipoupasua kwanza, zile pingili hulia motoni kama bunduki, na watu hulala chini, na wengine hufyatua risasi ovyo wakauana wenyewe kwa wenyewe. "Mara moja nalisahau kuupasua," alisema. Nilingoja. Akaanza habari ya bei ya kuni.

Alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. "Mtu humjui mpaka umpakulie." "Njaa haina cheo." Na kila mwalimu alipolalamika kwamba chakula kimechelewa: "Waliochelewa si mimi." Huu wa mwisho tuliuona ni ujeuri tu.

Siku aliyoniambia kuhusu wale thelathini na wawili ilikuwa siku ya kawaida. Tulikuwa tumesimama kwenye kivuli cha duka la vitambaa tukingoja magari yapite. Alisema watu thelathini na wawili wa kombania yake walitumwa ng'ambo ya mto alfajiri, akaambiwa awapikie, wakirudi wale. Ndege ilikuwa imedondosha unga mzuri siku ile, na nyama ya mkebe, na chumvi. Akapika sima ya watu thelathini na wawili, na mchuzi. Walirudi tisa.

"Nikafanyaje? Nikawapakulia. Wakala. Wakamaliza sehemu zao, wakanyanyua mikebe, wakasema, Mpishi, tuongeze. Nikawaongeza. Wakasema tena, tuongeze. Walikula chakula cha watu thelathini na wawili, mwanangu, hawakubakisha ukoko. Nami nakumbuka nalijisifu moyoni: mchuzi wangu leo umekuwa mtamu." Akanitazama. "Hilo ndilo lililonishinda. Kwamba ulikuwa mtamu."

Magari yakapita, tukavuka.

Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini wale watu walikuwa na mazoea ya kusimama kwenye foleni ya chakula kila mtu mahali pake, mmoja nyuma ya mwingine, wala hawakubadilishana. Kwa hivyo aliwashika kwa foleni. Aliwaondoa wale tisa akabaki na ishirini na watatu, na majina yao aliyataja kila alfajiri kabla ya kuwasha moto wake wa kwanza, tangu Burma mpaka Ganjoni. Mkewe aliniambia mwanzo wa ndoa alidhani ni wake zake wa siri anawataja gizani, mpaka alipotambua ni majina ya wanaume.

Kuhusu Mwingereza hakuwa na kauli moja. Leo atamlaani kwa matusi ambayo sitayaandika, kesho atasema, "Lakini wao huwaandika watu wao." Kila Novemba alivaa koti lake akaenda Mbaraki, kwenye makaburi ya vita, kulikokuwa na ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Mwaka mmoja nilifuatana naye. Palikuwa na wageni wa heshima, mashada ya maua mekundu na kijana wa tarumbeta. Mtu mmoja mwenye orodha mkononi alimuuliza kwa adabu alikuwa kikosi gani na kazi yake ilikuwa nini.

"Jikoni," alisema Mpishi.

Yule mtu alitazama orodha, akageuza ukurasa, akatazama tena. Akamwomba asimame kando kidogo, nyuma ya kamba, kuna jua huku mbele. Jua lilikuwa pote. Tulisimama nyuma ya kamba. Mpishi alitembea polepole baina ya mawe yaliyokuwa karibu akaniambia nimsomee. Nilisoma kila jiwe nililoweza kulifikia. Hakukuwa na hata mmoja wa kwake.

"Wako kule kule matopeni," alisema. "Nani angewaleta?"

Ndipo mimi, kwa huruma na kwa kiherehere cha ualimu, nikamwomba aje darasani. Alikataa mara tatu. Mara ya nne alisema, "Watanisikiza?" Nikamwambia watamsikiza. Nilimwahidi.

Alikuja Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, baada ya kumwachia msaidizi wake sufuria. Alivaa kanzu na koti, na viatu ambavyo sikuwahi kumwona navyo. Wasichana waliposimama kumwamkia, "Shikamoo, Mzee," yeye alisahau kuitikia. Alikuwa anaitazama chaki iliyo mezani.

Alianza vizuri. Aliwaambia kuhusu mvua na nyumbu. Kisha msichana mmoja wa mbele, mwerevu, mtoto wa matajiri wa Kizingo, akainua mkono.

"Mzee, uliua watu wangapi?"

"Sikuua mtu. Nalikuwa mpishi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha wasichana wa miaka kumi na sita wenye njaa. Yule msichana akasema, bila nia ya kumkera, "Kumbe ulikuwa mpishi tu?"

"Naam," akasema Mpishi. "Mpishi tu."

Nilipiga meza. Walinyamaza. Yeye akafumba macho, akanyoosha mkono wa kulia mbele kana kwamba ameshika upawa, akaanza: "Kombo wa Gazi. Chengo wa Rabai. Mutua, wa Machakos. Saidi mfupi. Nyawa wa Mariakani. Odhiambo. Katana, aliyekuwa na kigugumizi." Kwa kila jina mkono ulizama na kuinuka. Alikuwa amefika la saba kengele ilipolia.

Hawakukaidi. Kengele ililia, nao wakainuka kama walivyoinuka kila siku, wakachukua sahani zao chini ya madawati na kutoka wakisukumana. Mimi nilisema, "Kaeni!" mara moja, kwa sauti ndogo. Sauti ile ndogo nimeisikia tena miaka mingi. Mpishi akafumbua macho. Akavua koti akalikunja, akatoka mbio, kwa sababu wa kupakua alikuwa yeye.

Niliwafuata mpaka mlangoni mwa jiko. Foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye mfereji. Alisimama nyuma ya sufuria akiwa bado na kanzu yake nyeupe, akipakua, msichana baada ya msichana, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nilielewa kuwa anaendelea pale alipokatizwa. La nane, la tisa, la kumi, kwa kila sahani. Wasichana walidhani anawahesabu.

Hakunisemesha wiki mbili. Kisha Jumamosi moja aliniita jikoni, akanipangusia kigoda kwa mkono. "Wewe wajua kuandika," alisema. "Hao watoto hawana makosa, mimi sina ulimi. Andika wewe, kisha uwasomee. Mwalimu akisoma kutoka kwenye karatasi, watu husikiza."

Nikaandika. Yote ishirini na matatu, kwa foleni yake, na maneno mawili matatu kwa kila mtu: aliyependa chumvi, aliyeimba, aliyekuwa akimwachia rafiki yake nyama. Karatasi moja, pande mbili. Tulipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, akaitaka karatasi, akaishika kwa ncha za vidole, juu chini, akanirudishia.

"Nimekukabidhi," alisema.

"Nimepokea, Mzee."

Nilikuwa na mipango. Ningeipiga chapa. Ningeitundika kwenye maktaba ya shule. Ningewasomea wasichana mwezi Novemba. Niliitia ndani ya kitabu changu cha historia, ukurasa wa ile aya ya mistari sita, nikaona nimefanya jambo la maana. Muhula ule kulikuwa na mitihani. Muhula uliofuata mama yangu aliugua. Novemba ilipita. Kisha nikahamishwa shule, kwa ghafla kama wanavyohamishwa walimu, nikakabidhi vitabu vya shule vyote kwa aliyenipokea, na kile changu kikiwamo kwa kuwa nacho kilikuwa na muhuri wa shule. Nilikumbuka karatasi baada ya mwezi mzima. Nilirudi mbio. Mtaala ulikuwa umebadilishwa, vitabu vya toleo la zamani vilikuwa vimetolewa, na hakuna aliyejua vilikopelekwa. Nilitafuta ghalani siku mbili. Nilimuuliza hata muuza njugu wa langoni, aliyekuwa akifungia njugu zake kurasa za vitabu. Alinionyesha robota lake. Lilikuwa kurasa za hesabu tupu.

Nilijiambia nitakwenda kwake nimwambie ukweli, tuandike upya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Yeye alikuwa hai, akili timamu, vichochoro viwili kutoka kwangu. Sijui niseme nini kuhusu aibu hata asiyewahi kuionja anielewe. Nilianza kupita njia nyingine kwenda sokoni.

Tulikutana hatimaye mbele ya duka la mkate, watu wamejaa. Aliniuliza habari za shule mpya. Kisha akainamisha kichwa karibu nami.

"Yale yapo?"

"Yapo, Mzee."

"Alhamdulillahi," alisema, na uso wake ukalegea wote, kama mtu aliyetua gunia.

Mkewe, mwaka wake wa mwisho, alinishukuru. Aliniambia Mpishi siku hizi hataji tena majina alfajiri, anawasha moto kimyakimya, na analala mpaka adhana. "Umempumzisha mume wangu," alisema, akanishika mikono yote miwili. Hapo ningeweza kusema. Nilimuuliza kama anakunywa dawa zake vizuri.

Mkewe alifariki, Mpishi akaachishwa kazi kwa uzee, na binti yake akamchukua kwake Kibarani. Nilipata habari kwamba alipata kiharusi, kwamba amepona kidogo. Sikwenda. Baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini binti yake alikuja shuleni kwangu, ameshika viatu mkononi kwa ajili ya matope. "Mwalimu, baba akutaka. Asema uje nayo ile karatasi."

Nilifuatana naye alasiri ile ile. Nyumba ilikuwa ya chumba na ukumbi, upande wa jaa, na moshi wa taka zinazoungua ulikuwa umekaa ndani kama mwenye nyumba. Mpishi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo. Mkono wa kulia ulikuwa haufanyi kazi tena. Binti yake aliuinua akauweka juu ya kifua chake ili niweze kukaa.

"Sabalkheri, Mzee," nilisema, na ilikuwa alasiri.

"Mwalimu," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Watoto uliwasomea?"

"Niliwasomea."

"Walicheka?"

"Hawakucheka."

Kisha akasema, "Mimi yamenitoka. Nalikwambia wewe, nikayatua, na ulipokuja huu ugonjwa ukayafagia. Namkumbuka Kombo. Nyuma ya Kombo ni giza. Sasa nakaribia kwenda waliko, na sijui nitawaitaje. Nisomee."

Nilifungua mkoba. Ndani mlikuwa na ratiba ya mitihani, imekunjwa mara nne. Niliikunjua polepole. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na yeye ajua kusoma. Nilisikia pumzi yake inakatika. 

"Kombo wa Gazi," nilisoma. "Chengo wa Rabai. Mutua wa Machakos. Saidi mfupi. Nyawa wa Mariakani. Odhiambo. Katana, aliyekuwa na kigugumizi." Hao niliwakumbuka kwa sababu niliwasikia darasani. Kwa kila jina alitikisa kichwa kukubali, macho ameyafumba, na machozi yalimtoka upande mmoja tu, upande uliokuwa bado mzima. Baada ya Katana sikuwa na mtu.

Alingoja.

"Bakari wa Kibokoni," nilisema. Alikuwa fundi cherehani aliyenishonea sare nilipokuwa mdogo. Hajapata kuvuka hata kivuko cha Likoni.

Mpishi akafumbua macho. "Bakari?"

"Wa nane, Mzee."

Alitafuta. Niliona anavyotafuta, macho yakienda huku na huku darini kama mtu apapasaye kitu gizani, na muda wote ule mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na binti yake nyuma yangu akiningoja niingie.

"Simkumbuki," alisema mwisho. "Lakini wewe umemwandika. Basi alikuwapo."

Akafumba macho tena, akatulia. Nikamtajia wa tisa.